Kutia Kivuli kwa Rangi Kamilishani: Mwongozo Kamili kwa Wapakaji wa Ndege za Mfano

Mwanga wa chumbani unaoangukia ndege ya mfano hautoshi kuifanya ionekane kubwa. Ndege halisi ya Hawker Hurricane, ile ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake ikiwa imejaa mafuta na risasi ulikaribia tani tatu. Ile ya mfano, katika kipimo cha 1/48, ina upana wa sentimita 25 na ushei, na katika kipimo cha 1/72 haifiki hata sentimita 17. Kwa umbo dogo kiasi hicho, kivuli kinachojitokeza chini ya bawa au nyuma ya usukani wa mkia huwa hafifu mno, ndiyo maana mpakaji hulazimika kukitia mwenyewe kwa brashi. Wengi wetu hufanya hivyo kwa kuongeza nyeusi kidogo katika rangi ya msingi. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo naiona kuwa bora karibu kila mara: kutia kivuli kwa rangi kamilishani, yaani ile inayokabiliana na rangi ya msingi katika duara la rangi.

Kwa nini nyeusi haitoshi

Nyeusi hupunguza mwangaza wa rangi nyingine, na hilo ndilo tunalolitaka, lakini huja na madhara mawili. Kwanza, huzivuta rangi zote kuelekea kijivu kilekile, hata kivuli cha kijani na kivuli cha kahawia vikafanana, na ndege yenye rangi mbili za kujifichia ikapoteza mpaka kati ya rangi hizo mahali hasa ambapo jicho linauhitaji. Pili, nyeusi nyingi za kopo zina ubuluu ndani yake, kwa hiyo manjano iliyotiwa nyeusi hugeuka kijani, na rangi ya chungwa hugeuka kahawia chafu isiyo na joto.

Rangi kamilishani hufanya kazi tofauti. Rangi nyekundu tunaiona nyekundu kwa sababu hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa kijani na wa buluu na kuurudisha ule mwekundu. Rangi ya kijani nayo hufyonza ule mwekundu. Zikichanganywa, kila moja hufyonza kile ambacho mwenzake angekirudisha, na kinachobaki ni rangi nzito na tulivu ambayo bado imebeba asili ya zote mbili. Jozi tatu kuu ni nyekundu na kijani, buluu na chungwa, manjano na zambarau. Isaac Newton alizipanga rangi za mwanga katika duara mwaka 1704, na tangu hapo wachoraji wamekuwa wakilichora duara hilo upya kwa kufuata rangi za mikononi mwao.

Aliyeonyesha nguvu ya jozi hizi kwa kazi ya mikono ni mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye tangu 1824 alisimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumiwa kufumia vivuli vya mavazi ya buluu na zambarau zilionekana dhaifu. Alipozilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine aliziona hazina kasoro yoyote. Ubuluu na uzambarau wa jirani ndio uliozibadilisha machoni. Matokeo ya utafiti wake aliyachapisha mwaka 1839, na kwa mpakaji wa ndege ndogo yana mafunzo mawili: rangi mbili kamilishani zikichanganywa hupoozana, lakini zikiwekwa kando kwa kando huwashana. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupoozana. Kuwashana tutakukuta kwenye alama za mabawa.

Kuutazama mwanga kwanza

Lamu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kwa macho, kwa kuwa kuta nyingi za mji wa kale zimepakwa chokaa nyeupe, na ukuta mweupe hauna rangi yake yenyewe ya kuficha kile ambacho mwanga unakifanya. Nenda kwenye kichochoro kilicho wazi upande wa magharibi saa kumi na moja jioni. Upande wa ukuta unaopigwa na jua utauona umechukua umanjano wenye uchungwa, na pale ambapo kivuli cha boriti au cha baraza kimeangukia utaona buluu inayoelekea zambarau. Ukiwa na shaka, shika kipande cha karatasi nyeusi mbele ya kivuli hicho, na tofauti itajidhihirisha mara moja, kwa sababu kivuli cha nje bado kinaangazwa na anga la buluu, na jicho nalo huongeza ukamilishani wa rangi iliyo karibu. Zidaka za ndani ya nyumba hufunza sehemu ya pili ya somo: katika kidaka kimoja kirefu kilichopakwa chokaa, kivuli hakianzi ghafla, bali hupita polepole kutoka weupe wa joto ukingoni hadi kijivu cha zambarau kwenye kona ya ndani. Mpito huo ndio tunaoutaka kwenye shina la bawa.

Ukivuka maji hadi uwanja wa ndege wa Manda, itazame Cessna 208 Caravan ikiwa imeegeshwa. Bawa lake liko juu ya bodi, hivyo kivuli cha bawa huangukia ubavuni mwa ndege yenyewe, wakati tumbo lake hupokea mwanga wa joto unaorudishwa na ardhi. Mpakaji anayetia giza tumbo lote la ndege kwa kijivu kimoja huwa hajalitazama tumbo la ndege iliyo chini ya jua la pwani.

Vifaa

Huhitaji makopo mengi. Rangi za akriliki za ndege za mfano unazozitumia tayari zinatosha kwa msingi, na kwa kivuli ongeza chache za kuchanganyia: buluu ya ultramarini, kahawia ya siena iliyochomwa, nyekundu iliyokolea ya jamii ya krimzoni, kijani cha viridiani, na zambarau iliyokolea. Tyubu ndogo za rangi ya mafuta za wachoraji zenye majina hayohayo zitafaa katika hatua ya kuosha mistari, yaani kupitisha rangi nyembamba kwenye mistari ya maungio. Brashi ya hewa na kompresa hurahisisha kazi, lakini kila hatua iliyomo humu inaweza kufanywa kwa brashi ya kawaida laini, mradi rangi iwe nyembamba na mpakaji awe na subira.

Jambo moja la kwetu lisipuuzwe. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na chumvi hiyo ikitumika kuzimulia rangi huacha ukungu mweupe baada ya kukauka, hasa juu ya rangi zilizokolea. Tumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye jabia, yakiwa yamechujwa, au maji ya chupa yenye madini machache, au thina ya aina inayolingana na rangi yako. Joto nalo hukausha akriliki kwenye ncha ya brashi kabla haijafika kwenye plastiki. Tone la kichelewesha ukaukaji katika kila mchanganyiko huondoa tatizo hilo.

Hatua ya kwanza: kuisoma rangi ya msingi

Rangi za ndege za kijeshi ni chache mno zinazofanana na zile za duara. Ni kahawia, kijani-zeituni, kijivu na rangi za anga, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba hazina wenzao. Kahawia ni chungwa iliyotiwa giza, hivyo mwenzake ni buluu. Kijani-zeituni kama kile cha ndege za Marekani za Vita vya Pili vya Dunia ni manjano iliyotiwa giza, hivyo mwenzake ni zambarau, ingawa kikielekea zaidi kwenye kijani utavuta zambarau hiyo kuelekea wekundu. Kijani kizito cha Jeshi la Anga la Uingereza kinataka nyekundu ya damu ya mzee. Buluu nyepesi ya chini ya ndege za jangwani inataka kahawia ya siena.

Pale jicho linaposita, kuna jaribio rahisi. Paka kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja kwa rangi ya msingi, kitazame bila kuhamisha macho kwa takriban nusu dakika chini ya mwanga mzuri, kisha hamishia macho kwenye karatasi nyeupe. Utaona kivuli hafifu cha umbo lilelile kwa rangi nyingine, na hiyo ndiyo rangi kamilishani kama jicho linavyoifahamu. Rangi za kopo hazifuati jicho kwa ukamilifu, kwa hiyo lichukulie jaribio hili kuwa mwelekeo wa kuanzia, na uamuzi wa mwisho uachie kijiko.

Hatua ya pili: vijiko vya majaribio

Vijiko vya plastiki vyeupe ni uwanja bora wa majaribio kuliko kadi, kwa sababu mgongo wa kijiko umepinda kama bodi ya ndege na hushika rangi kama inavyoshikwa na plastiki ya mfano. Vipake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, kisha rangi ya msingi. Weka matone 10 ya rangi ya msingi katika kibia, ongeza tone 1 la rangi kamilishani, koroga, upake theluthi moja ya kijiko. Ongeza tone la pili, upake theluthi ya pili. Ongeza la tatu, umalizie. Andika uwiano nyuma ya mpini. Baadhi ya rangi za kisasa, hasa buluu na kijani za jamii ya ftalo, zina nguvu kubwa ya kutawala, na tone zima litaumeza mchanganyiko wote. Hizo chovya kwa ncha ya kijiti cha meno.

Hapa ndipo penye jambo ambalo miongozo mingi huliruka, na ambalo naomba msomaji alitilie maanani kuliko lolote lingine. Ukamilishani unahusu aina ya rangi tu. Hauhusu giza au mwangaza wake. Ukichukua kahawia nzito ukaitia buluu nyepesi ya anga, utapata kijivu kilichopoa, lakini huenda kikawa chepesi kuliko kahawia uliyoanza nayo, na kivuli chepesi kuliko sehemu yenye jua hakimdanganyi mtu. Kwa hiyo rangi ya kutilia kivuli lazima itimize masharti mawili kwa pamoja: iwe upande wa pili wa duara, na iwe na giza zaidi ya msingi. Ndiyo maana kwa kahawia tunatumia ultramarini na wala si buluu ya anga, kwa buluu tunatumia siena iliyochomwa au amba iliyochomwa na wala si chungwa mbivu, na kwa manjano tunatumia zambarau iliyokolea.

Kamera ya simu itakusaidia kuhakikisha. Piga picha ya kijiko, kisha iondoe rangi ili ibaki nyeupe na nyeusi. Kama theluthi tatu zinashuka ngazi kwa ngazi kuelekea giza, uwiano wako unafaa. Kama zote zinaonekana kijivu kimoja, umeibadilisha rangi bila kutia kivuli.

Hatua ya tatu: msingi na kivuli cha chini

Nitaifuata Hurricane kama mfano, na nimeichagua kwa makusudi. Malindi ilishambuliwa kwa mabomu na ndege za Italia mnamo Oktoba 1940, na Hurricane za Jeshi la Anga la Afrika Kusini ni miongoni mwa ndege zilizoruka katika anga la Kenya katika vita hivyo, kabla ya kuelekea Somalia na Ethiopia. Juu zilipakwa kahawia ya udongo na kijani kizito kwa mabaka, na alama zao za duara zilikuwa na buluu na kitovu cha rangi ya chungwa badala ya chekundu. Ni ndege moja itakayotuhitaji kutumia jozi mbili za kamilishani.

Osha sehemu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, zikaushe, unganisha, sugua maungio kwa msasa laini, kisha paka praima ya kijivu cha kati. Praima nyeusi ina wafuasi wengi, lakini kwa njia hii haifai: tumeshakubaliana kuiepuka nyeusi, na praima nyeusi huipenyeza kupitia kila tabaka jembamba.

Juu ya praima hiyo, kabla ya rangi ya msingi, chora kivuli cha chini. Fuata mistari ya maungio ya mabati, mashina ya mabawa, sehemu za nyuma ya vibawa vya kuongozea, na eneo linalozunguka radieta tumboni. Pale ambapo kahawia itakuja juu, tumia ultramarini iliyotiwa kahawia kidogo. Pale ambapo kijani kitakuja, tumia nyekundu ya damu ya mzee. Kwa brashi ya hewa, shinikizo la paundi 15 hadi 20 kwa kila inchi ya mraba linatosha, rangi ikiwa imezimuliwa hadi iwe na wepesi wa maziwa. Ndege itakuwa na sura ya ajabu katika hatua hii, yenye michirizi ya buluu na nyekundu, na hilo lisikutishe.

Kisha paka rangi ya msingi kwa matabaka membamba mno, ukianzia katikati ya kila bati na kuelekea pembeni, na usimame pale ambapo mchirizi wa chini bado unahisika bila kuonekana waziwazi. Kwa kuwa vitu vidogo huonekana vyeusi zaidi kuliko vikubwa vya rangi ileile, iongezee rangi ya msingi wepesi kidogo kabla ya kuanza. Kwa kahawia ya udongo napendelea kutumia manjano ya mchanga kuliko nyeupe, kwa sababu nyeupe huipoza rangi na kuipa uvumbi. Anayepaka kwa brashi ya mkono atahitaji matabaka matatu au manne, kila moja likauke kabisa kabla ya linalofuata.

Hatua ya nne: kivuli cha umbo

Hii ndiyo hatua yenye matunda mengi kuliko zote, na inastahili muda mrefu kuliko zilizotangulia kwa pamoja. Kivuli cha chini kilishughulikia mistari. Sasa tunashughulikia umbo zima, kana kwamba jua liko juu na mbele kidogo.

Andaa michanganyiko miwili kwa uwiano uliouandika kwenye vijiko: kijani chenye nyekundu, na kahawia yenye ultramarini. Izimue hadi iwe karibu maji, sehemu moja ya rangi kwa sehemu nne au tano za thina. Paka kila mmoja ndani ya baka lake, ukianzia mahali penye giza zaidi na kuvuta kuelekea kwenye mwanga: chini ya mkunjo wa bodi, kwenye pembe ambapo bawa linakutana na bodi, chini ya mkia ulalao, na nyuma ya chumba cha rubani. Tabaka moja halitaonyesha chochote. La tatu ndilo litakaloanza kuonekana, na mara nyingi la nne ndilo la kusimamia.

Sehemu ya nyuma ya bodi ya Hurricane ilifunikwa kwa kitambaa kilichotandazwa juu ya papi za mbao, na papi hizo huonekana kama matuta marefu yanayoelekea mkiani. Hapo kivuli cha kamilishani hung'ara kuliko mahali pengine popote. Pitisha mchanganyiko mwembamba katika kila bonde kati ya papi mbili, kisha rudia rangi ya msingi iliyotiwa wepesi juu ya kila tuta kwa brashi iliyokaribia kukauka. Kwa nyeusi, mabonde hayo yangeonekana kama mistari iliyochorwa. Kwa kamilishani, kitambaa huonekana kimelegea baina ya mbao zake.

Kuna tahadhari moja kwa rangi hizi mbili. Kijani kilichotiwa nyekundu huelekea kahawia, na jirani yake tayari ni kahawia, kwa hiyo ukizidisha nyekundu mpaka wa mabaka utapotea. Hakikisha kivuli cha kijani ni cheusi waziwazi kuliko kahawia iliyo kando yake, na kwenye mpaka wenyewe acha ukanda mwembamba wa kijani safi. Baadhi ya wapakaji hutatua jambo hili kwa kutia kivuli kimoja cha zambarau iliyokolea juu ya rangi zote mbili. Ni njia halali, na huipa ndege umoja wa mwanga, ila binafsi naona inainyima kila rangi kivuli chake yenyewe, na katika kipimo cha 1/48 tofauti hiyo inaonekana. Katika 1/72 nisingebishana na anayeichagua.

Hatua ya tano: alama na rangi zinazowashana

Alama ya buluu na chungwa ni mahali ambapo somo la Chevreul hujitokeza lenyewe. Rangi hizi mbili zikikaa pamoja huchochea jicho, na alama iliyopakwa kwa rangi safi za kopo itaonekana kama inaelea juu ya bawa. Kama unaipaka mwenyewe kwa tepu na kisu, itie buluu tone la chungwa na chungwa tone la buluu, ili kila moja ipoe. Kama unatumia vibandiko, vibandike kwanza juu ya vanishi inayong'aa, kisha vipitishie tabaka jembamba mno la rangi ya msingi ya bawa, sehemu 1 ya rangi kwa 10 za thina, hadi vikae ndani ya bawa.

Hatua ya sita: kuosha mistari

Funika ndege kwa vanishi inayong'aa na uiache ikauke usiku kucha. Changanya rangi ya mafuta ya siena iliyochomwa na ultramarini kwa vipimo karibu sawa. Jozi hii huzaa giza lenye kina, ambalo unaweza kulielekeza upande wowote utakao. Kwa mabaka ya kahawia liongezee ultramarini, kwa mabaka ya kijani liongezee krimzoni, kwa tumbo jepesi liongezee siena na ulizimue zaidi. Tumia thina isiyo na harufu kali inayofaa rangi za mafuta, gusisha ncha ya brashi kwenye mstari, na mchanganyiko utatembea wenyewe. Baada ya takriban nusu saa, pangusa ziada kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, ukifuata mwelekeo wa upepo unaopita juu ya ndege ikiwa angani, kutoka mbele kwenda nyuma. Fanya kazi hii mahali penye dirisha wazi, kwani mvuke wa thina hudhuru.

Magurudumu na masizi ya mabomba ya moshi hayataki maelezo marefu: tumia giza hilohilo la siena na ultramarini badala ya nyeusi, likiwa na ubuluu kwa mpira na ukahawia kwa moshi.

Ndege nyeupe na za kijivu

Caravan kama zile zinazotua Manda huwa na weupe mwingi, na weupe huonekana hauna mwenzake wa kumtilia kivuli. Mwenzake ni mwanga wenyewe. Kama umeamua kwamba jua lako ni la jioni, lenye umanjano, basi kivuli ni zambarau iliyopaushwa: tone 1 la zambarau na nusu tone la manjano katika matone 30 ya nyeupe, ili zambarau ipoe na isionekane kama rangi ya pambo. Weka kivuli hiki ubavuni chini ya bawa, na tumboni tumia krimu yenye ukahawia hafifu kuwakilisha mwanga unaotoka ardhini. Sehemu za juu zinazopigwa na jua zipe nyeupe yenye chembe ya manjano. Tofauti kati ya hizi tatu iwe ndogo kiasi kwamba mtazamaji aone ndege nyeupe, na asione ndege ya rangi tatu.

Kijivu kina njia hiyohiyo. Kijivu chenye ubuluu kinataka kahawia ya amba. Kijivu chenye umanjano kinataka zambarau. Kile ambacho hakielekei popote kipe kivuli cha buluu na mwangaza wa joto, kama mchana wa pwani unavyokitia.

Vanishi na majira

Vanishi isiyong'aa ndiyo hufunga kazi, na huunganisha matabaka yote yaliyotangulia. Ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi, huganda na ukungu mweupe unaofuta kila kivuli ulichokitia. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ni kavu zaidi na kazi huenda vizuri tangu saa nne asubuhi. Msimu wa mvua wa kusi, hasa Aprili hadi Juni, ni afadhali kusubiri siku yenye jua, au kupaka vanishi ya maji kwa brashi pana laini ndani ya chumba kilichofungwa, matabaka mawili membamba.

Itazame ndege iliyomalizika kwanza chini ya taa utakayoiwekea daima, kwani taa ya manjano hufifisha zambarau na kuzidisha kahawia, na pengine utahitaji kurudisha tabaka moja la kivuli. Isiwekwe dirishani panapopigwa na jua: krimzoni ya alizarini hufifia ikianikwa kwenye mwanga mkali kwa muda mrefu, na vivuli vya kijani ndivyo vitakavyopauka vya kwanza. Anayejua kwamba hana mahali pengine pa kuiweka atumie tangu mwanzo nyekundu ya jamii ya kwinakridoni, ambayo huvumilia mwanga vizuri zaidi na huchanganyika na viridiani kwa uwiano usiotofautiana sana.